Kampasi ya kijani, mtaala, utafiti au ugani: chuo kikuu kianzie wapi?

Fungua mpango mkakati wa chuo kikuu chochote leo na utakuta sura ya maendeleo endelevu. Sura hiyo huahidi mambo manne kwa mpigo: kampasi ya kijani, mitaala mipya, utafiti wenye tija na huduma kwa jamii. Mtaka yote hukosa yote. Bajeti ni ileile, wahadhiri ni walewale, na mwalimu aliyebebeshwa madarasa makubwa haongezewi saa kwa sababu seneti imepitisha sera. Mjumbe wa seneti, mkuu wa idara au kiongozi wa wanafunzi analazimika kuchagua lipi litangulie na lipi lisubiri, hata kama waraka wenyewe haumwambii hivyo.

Kukwepa uchaguzi huu ni desturi ya siku nyingi. Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ililipa neno maendeleo endelevu maana inayotumika hadi sasa: kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Miaka mitatu baadaye wakuu wa vyuo walikutana Talloires, Ufaransa, wakatia saini tamko la vipengele 10. Vyuo zaidi ya 500 vimejiunga nalo tangu hapo. Kisha mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukapitisha Malengo 17 yenye shabaha 169, na vyuo vikapata orodha ndefu zaidi ya kuahidi. Tamko la Talloires linagusa kila kitu, na ndiyo sababu chuo kinaweza kulisaini na kisibadilishe hata ratiba ya somo moja.

Katika ulinganisho huu kipimo changu kikuu ni kimoja: kazi ipi itakwama chuo kisipoifanya? Baada ya hapo nitatazama gharama, muda, na namna kila njia inavyoharibika.

Kampasi ya kijani

Hii ndiyo njia inayoonekana mapema. Paneli za sola hupanda juu ya paa, mapipa ya kutenganisha taka huwekwa, miti hupandwa wiki ya mahafali. Ubora wake mkubwa ni kupimika: bili ya umeme ya mwaka huu inawekwa kando ya bili ya mwaka jana na mhasibu anaona tofauti bila kuhitaji semina. Kuna na suala la heshima. Profesa wa mazingira anayefundisha katika jengo linalowaka taa usiku kucha ana kazi ngumu ya kuaminika.

Tatizo ni kwamba vinavyopigwa picha sivyo vinavyokula umeme. Kwenye chuo chenye maabara nyingi, walaji wakubwa ni friza za kuhifadhi sampuli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na makabati ya kufyonza hewa ya kemikali, ambayo hutupa nje, mchana na usiku, hewa ambayo chuo kimekwisha kulipia kuipoza au kuipasha joto. Kupandisha friza kutoka nyuzi −80 hadi −70 hupunguza umeme wake kwa takriban asilimia 30, na sampuli nyingi haziathiriki. Kushusha kioo cha kabati wakati hakuna anayelitumia hakugharimu kitu. Lakini hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzindua kioo kilichoshushwa, kwa hiyo hatua hizi hubaki mwisho wa foleni.

Wanaokwenda mbali zaidi hulipa kweli. Mwaka 2015 Stanford iliachana na mtambo wake wa gesi na kuanza kutumia mfumo unaokusanya joto linalotolewa wakati wa kupoza majengo na kulitumia kupasha majengo mengine. Mradi huo ulimeza karibu nusu bilioni ya dola. Upande wa pili wa mizani, College of the Atlantic huko Maine, Marekani, chuo chenye wanafunzi mia chache, kilitangaza mwaka 2007 kwamba hesabu yake ya hewa ukaa imefika sifuri. Sehemu ya hesabu hiyo ilikuwa fidia, yaani kulipia upunguzaji uliofanyika kwingine. Fidia ni mlango unaovutia na wenye bawaba mbovu. Chuo Kikuu cha California kiliahidi mwaka 2013 kufika sifuri ifikapo 2025, kisha kikageuza sera kabla ya tarehe hiyo: sasa lengo ni kupunguza uchafuzi wake chenyewe kwa angalau asilimia 90 kufikia 2045, bila kuegemea fidia. Naiona sera ya pili kuwa ya kweli zaidi, ingawa tarehe imesogea miaka 20.

Tukirudi kwenye kipimo: hospitali inaweza kuweka sola. Hoteli inaweza kutenganisha taka. Kiwanda kinaweza kuvuna maji ya mvua. Kampasi ya kijani si kazi inayokisubiri chuo kikuu, ila pale inapogeuzwa kuwa somo. Wanafunzi wa uhandisi wakague nishati ya mabweni, wa uhasibu wapige hesabu ya gharama kurudi baada ya miaka mingapi, wa sosholojia wachunguze kwa nini watu hawazimi taa, na akiba itakayopatikana iingie kwenye mfuko wa mzunguko unaolipia ukarabati unaofuata. Hapo fedha moja imefanya kazi mbili. Paneli zilizofungwa na mkandarasi ambazo hakuna mwanafunzi aliyeona mita yake ni matengenezo ya jengo. Ni mazuri, lakini ni matengenezo.

Darasani: njia tatu, na hazilingani

Hapa ndipo vyuo hupoteza muda mwingi, kwa sababu kusema "tutaingiza uendelevu kwenye mtaala" ni kusema mambo matatu tofauti kwa sentensi moja.

Ya kwanza ni kozi ya lazima kwa wote. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Barcelona kilikubali kuanzisha kozi ya lazima kuhusu janga la tabianchi baada ya wanafunzi kupiga kambi ndani ya jengo lake. Leuphana, chuo cha mji wa Lüneburg nchini Ujerumani, huwakutanisha wanafunzi wa fani zote katika muhula wa kwanza wa pamoja ambao uendelevu ni sehemu yake. Faida ni wazi: hakuna anayehitimu bila kuguswa, na anayesomea sheria anakaa kikundi kimoja na anayesomea kemia kabla fani hazijawatenganisha. Hasara yake anaijua kila aliyewahi kusoma kozi ya lazima. Ukumbi unajaa, mwalimu ni wa muda, mtihani ni wa kuchagua herufi, na kufikia muhula wa tatu kozi imekuwa kikwazo cha kuruka. Mwanafunzi anatoka akiweza kutaja Malengo 17 kwa namba zake na asiweze kueleza moja linahusikaje na kazi atakayoajiriwa.

Ya pili ni kuchanganya jambo hili ndani ya masomo yaliyopo, bila kozi mpya. Haipendezi kwenye ripoti, lakini ndiyo ninayoiona na nguvu zaidi kati ya hizi tatu. Chukua saruji. Utengenezaji wake unatoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na binadamu, na sehemu kubwa ya hewa hiyo haitokani na mafuta yanayochomwa bali na chokaa yenyewe inapooka kuwa klinka, yaani mabonge yanayosagwa kupata saruji. Mhandisi wa ujenzi ndiye anayeandika zege lichanganywe vipi. Mwalimu wa zege akitenga mihadhara mitatu ya kupunguza klinka, na akauliza swali lake kwenye mtihani, atakuwa amegusa tani nyingi zaidi kuliko muhula mzima wa hotuba za jumla. Vivyo hivyo kwa mhasibu: viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za uendelevu, IFRS S1 na S2, vilitolewa Juni 2023 na kuanza kutumika Januari 2024, kwa hiyo mhitimu wa uhasibu asiyevijua ana pengo la kitaaluma, achilia mbali mazingira. Mfamasia anahitaji kujua dawa za antibiotiki zinazomwagwa kwenye maji taka hufanya nini kwa vimelea. Mwanasheria anahitaji kuisoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na kuona palipofichwa jambo.

Njia hii nayo ina namna yake ya kufa, na hufa kimyakimya. Wahadhiri wenyewe hawakufundishwa haya. Mkuu wa idara akiulizwa hujibu "tayari tunafanya", na hakuna wa kuhakiki. Mwalimu mwenye ari akistaafu, mihadhara yake inaondoka naye. Inahitaji vitu viwili ambavyo vyuo huvisahau: muda wa kupumzishwa vipindi kwa mwalimu anayeandika upya somo lake, na bodi za taaluma kukubali. Bodi ya wahandisi ikidai ujuzi fulani kabla ya kusajili mhitimu, idara itaufundisha bila kusukumwa. Chuo kinachotaka kubadili mtaala kwa dhati kipeleke watu wake kwenye vikao vya bodi hizo. Huko kuna mamlaka kuliko ndani ya seneti.

Ya tatu ni shahada maalumu. Arizona State ilifungua skuli ya uendelevu mwaka 2006 na kuwa ya kwanza ya aina hiyo Marekani. Nyingi zimefuata duniani. Shahada hizi hutoa watu wanaoweza kukaa kati ya mwanasayansi, mwanasiasa na mfanyabiashara na kuelewana na wote. Lakini zina hatari mbili. Idara mpya huwa kisingizio kwa idara nyingine: suala la mazingira lipelekwe kwao. Na mhitimu wa shahada ya kwanza anaweza kujikuta anajua kidogo cha kila kitu mbele ya mwajiri anayetaka mtu wa kusoma mita ya maji. Kwa mwanafunzi anayesoma haya akiwa na fomu ya maombi mkononi, ushauri wangu ni huu: shahada ya kwanza chukua fani yenye mizizi, iwe hidrolojia, uhandisi, uchumi au kilimo, kisha shahada ya uzamili ndiyo iwe ya uendelevu. Wapo watakaonipinga, hasa wanaofundisha shahada hizo, na wana hoja pale programu yao inapobeba takwimu na kazi za uwandani za kutosha.

Utafiti

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wakiwa Chuo Kikuu cha California kampasi ya Irvine, walichapisha hoja kwamba gesi zilizotumika kwenye friji na makopo ya kupulizia zinapanda juu na kula tabaka la ozoni. Viwanda vilivyozitengeneza havikuwa na sababu ya kuuliza swali hilo, na hakuna serikali iliyoliagiza. Walishambuliwa. Miaka 13 baadaye mataifa yalisaini Mkataba wa Montreal, na mwaka 1995 wawili hao pamoja na Paul Crutzen wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa kipimo nilichoweka mwanzoni, hakuna mfano unaoshinda huu. Bila watu wanaolipwa mshahara kuuliza maswali yasiyo na mteja, jambo hilo lingegundulika kwa kuchelewa, na kuchelewa kungeuma.

Mifano mingine inafanana kwa uvumilivu. Charles Keeling wa taasisi ya Scripps alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa mwaka 1958, na alihangaika na wafadhili walioona kipimo kinachorudiwa kila siku si sayansi. Martin Green na wenzake katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walihangaika na seli za sola tangu miaka ya 1970 na 1980. Aina ya seli waliyoibuni, PERC, ndiyo iliyokuja kutawala soko miongo kadhaa baadaye. Saruji ya LC3, inayoondoa takriban nusu ya klinka na kuweka udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na chokaa mbichi, ni kazi ya pamoja ya EPFL, chuo cha teknolojia cha Uswisi, Chuo Kikuu cha Las Villas cha Cuba na vyuo vya teknolojia vya India (IIT). Huo wa mwisho naupenda kwa sababu nyingine: wenzi wa Cuba na India hawakuwa wakusanya sampuli wa mtu mwingine. Ushirikiano ambapo chuo kimoja kinachota data na kingine kinaweka jina kwenye chapisho ni wa kawaida mno, na hauachi ujuzi kwa waliochota.

Udhaifu wa njia hii ni muda na bahati. Utafiti mwingi hauzai ozoni wala sola. Pia unaharibiwa na mfumo wa kupandisha vyeo: mhadhiri anahesabiwa machapisho, kwa hiyo anaandika kwa ajili ya jarida ambalo mamlaka ya maji haitalisoma kamwe. Chuo kidogo kikijaribu kushindana na vikubwa kwenye vifaa vya gharama kitaumia. Kwa chuo hicho nashauri vipimo vya muda mrefu ambavyo hakuna mwingine anayevifanya: kina cha mto mmoja, rutuba ya udongo wa bonde moja, idadi ya ndege wa msitu mmoja, kwa miaka 20 bila kukatika. Vifaa vyake si ghali, wanafunzi wanaweza kushiriki kila mwaka, na baada ya muda kila mpangaji wa serikali atabisha hodi kuomba takwimu hizo.

Ugani na huduma kwa jamii

Mfano mkongwe ni vyuo vya ruzuku ya ardhi vya Marekani. Sheria ya Morrill ya 1862 ilitoa ardhi ya kugharimia vyuo (ardhi iliyonyang'anywa wenyeji wa asili, jambo ambalo vyuo hivyo vimeanza kulisema waziwazi juzijuzi tu). Sheria ya Hatch ya 1887 ikaongeza vituo vya majaribio ya kilimo. Sheria ya Smith-Lever ya 1914 ikaongeza maofisa ugani wanaoishi kaunti kwa kaunti, wakilipwa kwa mchango wa serikali kuu, jimbo na kaunti. Nusu karne ilipita kati ya mguu wa kwanza na wa tatu. Anayedai kujenga huduma ya namna hiyo kwa ruzuku ya miaka mitatu anajidanganya au anamdanganya mfadhili.

Thamani yake kuu iko katika safari ya kurudi. Ofisa ugani hupeleka mbegu na maelezo, lakini pia hurudi na maswali ya mkulima, na maswali hayo hubadili kinachochunguzwa maabara. Hasara ni kwamba ugani hubeba chochote unachopewa. Mtandao uleule uliopandisha mavuno ndio uliosambaza pia kilimo cha mbolea na viuatilifu vingi kilichochafua maji. Na hapa utafiti unapaswa kuukemea ugani mara kwa mara. Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana, mshindi wa Nobel ya Uchumi mwaka 2009, na wenzake walichunguza mifereji ya umwagiliaji nchini Nepal wakaona kwamba mara nyingi ile iliyojengwa na kuendeshwa na wakulima wenyewe ilifanya vizuri kuliko ile ya kisasa iliyojengwa na wahandisi wa nje. Mifereji ya zege ilikuwa imara. Kilichovunjika ni makubaliano ya nani anapata maji lini na nani anazibua tope. Chuo kinachotuma wanafunzi kijijini na michoro tayari hakijausoma utafiti huu.

Kuhusu miradi ya wanafunzi, kanuni yangu ni kali: kama hakuna fedha wala mtu wa kuuendesha mradi utakapofika mwaka wake wa tano, usianze. Wanafunzi huhitimu, pampu huharibika, na kijiji hubaki na chuma na chuki.

Fedha na vyeo vya dunia, kwa kifupi

Vyuo vyenye hazina kubwa vina njia ya tano: kuuza hisa za makampuni ya mafuta na makaa. Chuo Kikuu cha California kilitangaza mwaka 2020 kuwa kimemaliza, na Harvard ikafuata njia hiyo mwaka 2021. Ni ishara yenye uzito wa kisiasa. Chuo kisicho na hazina hakina cha kuuza, na mjadala huu usikile muda wake.

Kuna pia orodha za ubora: GreenMetric ya Universitas Indonesia tangu 2010, mfumo wa STARS wa Amerika Kaskazini, na Impact Rankings za Times Higher Education tangu 2019. Ya kwanza inatazama sana kampasi, ya mwisho inatazama Malengo 17. STARS ndiyo yenye manufaa zaidi kwa anayetaka kujitathmini, kwa kuwa inalazimisha kujaza mambo ya mtaala na ya manunuzi na ripoti huwekwa wazi. Kutumia dodoso lake bila kuwania daraja ni wazo zuri. Kuajiri ofisa wa kufukuzia nafasi kwenye orodha ni kumlipa mtu aandike yale ambayo wengine hawajayafanya.

Basi nani achukue lipi

Chuo kidogo cha kufundisha, chenye idara chache na fedha finyu, kianze na masomo yaliyopo. Kichague programu tano zinazotoa wahitimu wengi zaidi, kiwape wahadhiri wawili kwa kila programu muhula mmoja wa kuandika upya, na kipeleke hoja kwa bodi za taaluma. Kozi fupi ya pamoja ije mwaka wa pili, si kabla. Friza na makabati ya maabara yashughulikiwe wiki hii, maana hayahitaji kikao.

Chuo kikubwa cha utafiti hakina udhuru wa kuanza na paneli. Kibadili kwanza vigezo vya kupandisha vyeo, ili mhadhiri aliyebadili kanuni ya ujenzi au sera ya maji ahesabiwe sawa na aliyechapisha. Bila hilo, vituo vipya vya uendelevu vitajaa majina na kukosa watu.

Chuo cha kilimo, afya au maji chenye jamii inayokizunguka na kukihitaji kiweke nguvu kwenye ugani, kwa sharti la bajeti ya miaka kumi na ofisa wa kudumu. Kama serikali ya eneo haitaki kuchangia mshahara wake, hilo ni jibu tosha kuhusu mradi kudumu.

Chuo kinacholemewa na bili ya umeme hadi kinazima maabara kianze na kampasi, bila aibu. Akiba hiyo ndiyo itakayolipia mengine, mradi iwekwe kwenye mfuko wake na isimezwe na matumizi ya kawaida.

Na kiongozi wa wanafunzi asiye na bajeti wala kura kwenye seneti ana silaha moja rahisi. Aombe mitihani ya mwisho ya miaka mitatu iliyopita ya idara kadhaa, atafute maswali yanayodai mwanafunzi apime maji, nishati, taka au haki ya watu wanaoathirika ndani ya fani yake, kisha ayaweke kwenye jedwali la ukurasa mmoja. Jedwali hilo liende kwa wakuu wa idara kwanza, wapewe muda wa kujibu, halafu liende seneti pamoja na majibu yao.